Nani anachora maandishi ya konsoli wakati kompyuta haina hata dirisha moja

Ukiwasha mashine yenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, NetBSD au OpenBSD, zile sekunde za mwanzo unaona mistari ya maandishi inapita mbio: diski imepatikana, kadi ya mtandao imepatikana, memori ni kiasi gani, halafu mwisho unaulizwa jina uingie. Wengi tunaiacha ipite tu. Ila hebu fikiria, muda ule hakuna mazingira ya madirisha, hakuna programu ya mtumiaji inayokimbia, mafaili ya fonti yapo kwenye diski ambayo yenyewe ndo kwanza inatafutwa, na skrini iliyo mbele yako haijui herufi ni kitu gani, inachojua ni nukta za rangi basi. Sasa hayo maandishi anachora nani?

Anachora draiva moja (programu inayoendesha kifaa) iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, draiva ya konsoli, na kazi yake ukiisema kwa kifupi inashangaza kweli: inachukua skrini yenye mamilioni ya nukta na kuifanya iigize terminali, ile mashine ya kibodi na kioo ya kuongea na kompyuta, ya mwaka 1978. Watu wengi wanadhani ugumu wake uko kwenye kuchora herufi. Nimeusoma msimbo wa hizi draiva kwa muda mrefu, vipande vingine nimevibadilisha kwenye mashine zangu mwenyewe, na nilichokiona ni kwamba kuchora herufi ndo sehemu rahisi, ugumu uko kwenye kuzisogeza zile zilizokwisha kuchorwa, na kwenye kuendelea kuongea pale ambapo kila kitu kingine kimenyamaza.

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni terminali ilikuwa mashine ya kuchapa, Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ndo inayojulikana sana, inapiga herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi, na lile jina tty unaloliona kila kona ya Unix limetoka huko. Karatasi haifutiki wala hairudi nyuma, kwahiyo kompyuta ilituma herufi moja baada ya nyingine na mambo yakaishia hapo. Kisha zikaja terminali za kioo, na iliyoacha alama kuliko zote ni VT100 ya kampuni ya DEC, 1978, mistari 24 na safu 80, ndani yake ina prosesa yake yenyewe, Intel 8080, inayopokea herufi kupitia waya na kuziweka kwenye kioo. Hii iliweza kuhamisha kielekezi, kufuta skrini, kupindua rangi, na amri za kufanya hivyo zilikuja katikati ya maandishi yenyewe zikitanguliwa na baiti namba 27 inayoitwa eskepu. Tuma eskepu halafu [2J, skrini inafutika. Tuma eskepu halafu [H, kielekezi kinarudi kona ya juu kushoto. Amri hizi zinaendana na viwango vya ECMA-48 na ANSI X3.64, na programu za skrini nzima, yaani ma-edita ya kuandikia mafaili na vitu kama hivyo, zikazoea kuongea lugha hiyo mpaka leo.

Upande wa PC mambo yalikuwa mepesi. Kadi ya VGA ya 1987 ina hali ya maandishi, maana yake kadi yenyewe inajua herufi. Kuna eneo la memori kwenye anwani B8000, kila herufi inachukua baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi, ukizidisha 80 kwa 25 kwa 2 unapata baiti 4000 na hiyo ndo skrini nzima. Draiva inaweka baiti mbili, kadi inamalizia.

Wakistesheni hazikuwa na huo urahisi. Nazungumzia zile kompyuta za mezani za wahandisi na watafiti, kama za Sun zilizoanza kuuzwa 1982, zilizofuata njia ambayo Xerox Alto ya 1973 iliifungua na skrini yake ya nukta 606 kwa 808. Humo hakuna hali ya maandishi kabisa, kuna fremubafa tu, kipande cha memori ambacho kila nukta ya skrini ina mahali pake, ukibadilisha namba pale nukta inabadilika rangi, basi, hicho ndo kifaa kinachokupa. Ukitaka herufi A uichore mwenyewe nukta kwa nukta. Sun waliliona tatizo hilo na wakaweka kiigaji kidogo cha terminali ndani ya PROM, ile programu iliyochomwa kwenye chipu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa. Kilichora herufi za upana wa nukta 12 na urefu wa nukta 22, fonti inayoitwa Gallant, safu 80 na mistari 34. Ukipiga hesabu kwenye skrini yao iliyozoeleka ya nukta 1152 kwa 900, maandishi yanachukua 960 kwa 748, kwahiyo unabaki na ukingo wa nukta 96 kila upande na 76 juu na chini, na ndo maana konsoli ya Sun ilikuwa inakaa katikati kama picha iliyowekwa kwenye fremu.

Kerneli ingeweza kuiomba PROM iandike kila herufi, na zipo zilizofanya hivyo, ila ilikuwa polepole mno na kerneli inabaki inategemea msimbo ambao haina mamlaka nao. Kwahiyo kwenye 4.4BSD, mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha Berkeley, upande wa prosesa za SPARC za Sun, kukawa na rcons, konsoli ya rasta, iliyoandikwa Lawrence Berkeley Laboratory na kutolewa kwa Berkeley. Kerneli ikaanza kuchora yenyewe. Baadaye NetBSD wakaja na mfumo mpana zaidi unaoitwa wscons, uliotoka na NetBSD 1.4 mwaka 1999, OpenBSD nao wakauchukua, na huo ndo nitautumia kuelezea hapa kwa sababu umegawanywa vizuri kiasi kwamba ukiuelewa huo, fbcon, draiva ya konsoli ya Linux, na nyinginezo utazielewa bila shida.

Mgawanyo wenyewe uko hivi. Juu kabisa kuna kiigaji, kinapokea baiti na kuzielewa: hii ni herufi ya kawaida, hii ni eskepu, hii ni amri ya kufuta mpaka mwisho wa mstari. Kiigaji hakijui nukta. Chini kabisa kuna rasops, kinachojua nukta na hakijui eskepu hata moja. Katikati yao kuna mkataba mfupi sana, kiigaji kinaruhusiwa kuomba vitu vichache tu: putchar iweke herufi kwenye mstari fulani na safu fulani, copycols inakili kipande cha mstari, erasecols ifute kipande cha mstari, copyrows inakili mistari mizima, eraserows ifute mistari mizima, na cursor iwashe au izime kielekezi. Pembeni kuna ya kutafuta umbo la herufi kwenye fonti na ya kutengeneza rangi. Basi. Mimi huu mkataba naupenda sana, maana mtu akileta kadi mpya ya video yenye uwezo wa kunakili maeneo kwa nguvu yake yenyewe, anabadilisha copyrows na wenzake na hagusi kitu kingine, na mtu akitaka terminali iwe ya aina ya Sun badala ya VT100 anabadilisha kiigaji na hajui hata skrini ina rangi ngapi.

Tuchukue herufi moja tuifuatilie chini. Fonti ndani ya kerneli imeunganishwa na kerneli yenyewe wakati wa kujengwa, maana diski bado, na kila umbo ni biti tu, 1 ni wino na 0 ni karatasi. Fonti ya 8 kwa 16 ni baiti 16 kwa herufi, herufi 256 ni baiti 4096. Kwenye skrini ya biti 1 kwa nukta, na fonti yenye upana wa 8, kuchora ni kunakili baiti 16, kila moja inashuka mstari mmoja wa nukta. Rahisi kabisa. Sasa leta Gallant ya upana wa 12. Herufi ya kwanza inakaa biti ya 0 hadi 11, ya pili 12 hadi 23, ya tatu 24 hadi 35, na hapo umevuka mpaka wa neno la biti 32, yaani kipande cha memori ambacho prosesa inakiandika kwa mpigo, kwahiyo sehemu ya herufi iko kwenye neno hili na sehemu kwenye neno linalofuata, inabidi usogeze biti, uweke kinyago kulinda nukta za jirani, uandike neno la kwanza, uweke kinyago kingine, uandike la pili. Ukikosea kinyago kimoja unakula ukingo wa herufi ya jirani, na hilo kosa linaonekana kwenye baadhi ya safu tu na kwingine halionekani, nimewahi kulitafuta jioni nzima nikidhani fonti ndo mbovu.

Alafu kuna mpangilio wa biti wenyewe. Mashine nyingine biti ya kushoto kabisa ya skrini ndo biti kubwa ya baiti, nyingine ndo ndogo, na fonti ni ileile, kwahiyo kabla ya kuanza kuchora inabidi fonti igeuzwe iendane na kifaa. Usipogeuza kila herufi inatoka kama imetazamwa kwenye kioo.

Skrini za rangi zinaondoa shida ya vinyago na kuleta nyingine, ya wingi. Biti 32 kwa nukta, herufi ya 8 kwa 16 ina nukta 128, mara baiti 4 ni 512. Linganisha na baiti 2 za hali ya maandishi ya VGA, ni mara 256 kwa herufi ileile. Hapo ndo waandishi wa draiva wanapoonyesha ufundi. Kwenye skrini za biti 8 rasops ina mbinu inayoitwa stampu: badala ya kuuliza kila biti wewe ni wino au karatasi, unachukua biti nne za fonti kwa pamoja, biti nne zina michanganyiko 16 tu, kwahiyo unatayarisha jedwali la maneno 16 ya biti 32, kila neno lina nukta nne tayari zimepakwa rangi, na kuchora kunakuwa ni kuangalia jedwali na kuandika neno zima kwa mpigo. Rangi ikibadilika jedwali linatengenezwa upya, na kwa kuwa maandishi mengi yanakuja mfululizo kwa rangi moja, halibadiliki mara kwa mara.

Sasa kusogeza. Hapa naomba tukae.

Kielekezi kikiwa mstari wa mwisho na mstari mpya ukaingia, kila kitu kinatakiwa kipande juu mstari mmoja. Kwa mtumiaji ni kitu kidogo mno. Chukua skrini ya 1920 kwa 1080, fonti 8 kwa 16, unapata safu 240 na mistari 67. Kupandisha mistari 66 ni nukta 1920 mara 1056 mara baiti 4, jumla baiti 8,110,080, megabaiti nane na kitu, kwa sababu ya mstari mmoja tu ulioongezeka. Kerneli ikitoa mistari 1000 wakati wa kuwaka, umehamisha zaidi ya gigabaiti 8. Na kibaya zaidi sio wingi, ni mahali memori ilipo, maana fremubafa iko kwenye kadi ya video na prosesa ikitaka kuisoma haipiti kwenye kashe, ile memori yake ndogo ya haraka, inasubiri kila usomaji uende na kurudi. Kuandika kunavumilika kwa sababu prosesa za sasa zinaweza kukusanya maandiko kadhaa na kuyatuma pamoja. Kusoma ndo mauti. Kwahiyo njia ambayo mtu yeyote angeifikiria kwanza, ya kunakili fremubafa juu ya yenyewe, ndo mbaya kuliko zote, na kama umewahi kuona mashine yenye nguvu kabisa inatoa maandishi ya konsoli kwa kujikokota mstari kwa mstari kama inafikiria, uwezekano mkubwa ulikuwa unaangalia prosesa inasoma memori ya video.

Kuna njia kadhaa za kutoka hapo na kila draiva inachagua yake. Kadi ikiwa na kiongeza kasi, kama ile cgsix ya Sun, unaiambia nakili eneo hili lipeleke pale na yenyewe inafanya ndani kwa ndani bila data kupita kwa prosesa. Kadi nyingine zinakuruhusu kubadilisha anwani ya kuanzia, yaani hunakili chochote, unaiambia skrini sasa anza kusoma kutoka mstari wa pili, na ukifika mwisho wa memori unazunguka kurudi juu. Njia ya tatu ni kuweka nakala ya picha kwenye memori ya kawaida, unasoma kutoka huko kwa haraka na kwenye kadi unaandika tu.

Ya nne ndo ninayoipenda. Draiva inatunza jedwali la vijumba, kila kijumba kina herufi na rangi yake, kama ile memori ya VGA lakini safari hii liko kwenye memori ya kawaida. Kusogeza skrini kunakuwa ni kusogeza jedwali hilo, halafu unapita kijumba kwa kijumba ukiuliza: kilichopo sasa kinatofautiana na kilichokuwa kimechorwa hapa? Kama ni kilekile usiguse. Ukiangalia maandishi ya konsoli utaona sehemu kubwa ya skrini ni nafasi tupu upande wa kulia, nafasi tupu ikipanda juu ya nafasi tupu hakuna cha kuchora, kwahiyo kazi inapungua sana na husomi memori ya video hata mara moja. Na hilo jedwali linalipa tena baadaye, nitalirudia.

Sun walikuwa na jibu lao lingine ambalo nadhani limesahaulika bila haki. Kwenye kiigaji chao eskepu ikifuatwa na [, namba, na herufi r ilikuwa inaweka idadi ya mistari ya kusogeza kwa mkupuo. Moja ni kawaida. Ukiweka 10, skrini ikijaa inaruka mistari 10 kwa pamoja, kwahiyo gharama ya kusogeza unailipa mara moja kwa kila mistari 10. Na ukiweka 0 haisogezi kabisa, kielekezi kinarudi juu na kuanza kuandika upya kikifuta kila mstari kinaoufikia. Haipendezi machoni, ila kwenye fremubafa ya polepole inaokoa muda mwingi.

Na huohuo mfano unatupeleka kwenye kiigaji, maana kwenye VT100 eskepu, [ na r inamaanisha kitu kingine kabisa, inaweka eneo la kusogeza, mstari wa juu na mstari wa chini, ili edita iweze kusogeza katikati ya skrini huku mstari wa hali ukibaki chini bila kutikisika. Herufi zilezile, maana mbili. Kwahiyo ile variabo ya TERM sio mapambo, ndo inayoiambia programu unaongea na nani, na kuna wakati mtu analalamika skrini imechafuka akidhani kadi imekufa kumbe terminali ni ya aina ya sun na programu inaambiwa ni vt100.

Kiigaji chenyewe ni mashine ya hali. Kinaanza kwenye hali ya kawaida, baiti 27 ikija kinahamia hali ya eskepu, [ ikija kinahamia hali ya kukusanya namba, herufi ya mwisho ikija kinatekeleza na kurudi kawaida. Inasikika ndogo lakini kuna mitego. Wa kwanza, programu inaweza kutuma eskepu kwenye mwito mmoja wa kuandika (write) na [2J kwenye mwito unaofuata, kwahiyo hali inabidi ikumbukwe kati ya miito, huwezi kudhani amri inakuja nzima. Wa pili, namba zinatoka kwa mtu usiyemjua, akituma panda mistari 99999999 inabidi uikate ifike mstari wa kwanza na isipite, usipoikata unaandika nje ya jedwali, na hii iko ndani ya kerneli, sio programu itakayoanguka peke yake.

Mtego wa tatu ni ule wa safu ya 80 na umewasumbua waandishi wengi wa viigaji. Ukiandika herufi kwenye safu ya mwisho, kielekezi kinaenda wapi? Jibu la haraka ni mstari unaofuata, safu ya kwanza. VT100 haifanyi hivyo. Inabaki palepale safu ya 80 na kukumbuka kimoyomoyo kwamba ina deni la kushuka, na inashuka tu pale herufi nyingine ya kuonekana itakapokuja. Kama ikija amri ya kuhamisha kielekezi, deni linafutwa. Bila hivyo ukijaza kijumba cha mwisho kabisa, kona ya chini kulia, skrini nzima ingepanda juu na edita yako ingepoteza mstari wa kwanza. Nimeona viigaji vilivyoandikwa kwa uangalifu kila mahali vikakosea hapa tu, na dalili zake zinachanganya sana, mstari mtupu unajitokeza baada ya kila mstari wenye herufi 80 kamili na kwingineko hakuna tatizo.

Kielekezi nikipitie haraka. Kwenye fremubafa kinachorwa kwa kupindua rangi za kijumba, ukipindua tena kinaondoka. Kanuni ni moja, kabla hujachora au kusogeza chochote kiondoe kwanza, ukisahau kinasogezwa pamoja na maandishi na unabaki na vibox vyeupe vimetapakaa skrini nzima.

Kinachonivutia zaidi ni swali la nani anaongea. Konsoli ina wasemaji wawili. Kuna programu za watumiaji zinazopitia tty, na kuna kerneli yenyewe inayochapa ujumbe wake muda wowote, hata katikati ya ukatizaji, yaani pale kifaa kinapoikatiza prosesa kuomba ihudumiwe. Sasa fikiria edita imetuma eskepu, [, na namba 5, bado haijamaliza, na hapohapo kerneli inataka kusema diski ina hitilafu. Ukimpitisha kerneli kwenye mashine ileile ya hali, herufi ya kwanza ya ujumbe wake italiwa kama mwisho wa amri ya edita. Kwenye kiigaji cha vt100 cha wscons wamelitatua kwa usahihi kabisa, kila baiti inakuja na alama ya kusema imetoka kwa kerneli au la, na ya kerneli inachorwa moja kwa moja kama maandishi bila kuguswa na hali ya amri, ikipita edita inaendelea pale ilipoachia. Pia kerneli inapewa rangi yake, ndo maana ukiwasha NetBSD ujumbe wa kerneli ni wa kijani na kwenye OpenBSD ni mweupe juu ya bluu, na ukishajua hilo unaweza kutofautisha kwa jicho tu nani amesema nini.

Halafu mazingira ya madirisha yanakuja na kuichukua fremubafa yote. Hapo kiigaji inabidi kinyamaze, kiendelee kuandika kwenye jedwali lake la vijumba bila kugusa nukta, kwa sababu zamani kwenye wakistesheni ujumbe wa kerneli ulikuwa unajichapa juu ya madirisha yako na kuchafua picha yote mpaka uchore upya. Kuna njia ya kuuelekeza kwingine, amri ya ioctl inayoitwa TIOCCONS, dirisha moja linajitangaza kwamba mimi ndo konsoli sasa, na programu kama xconsole ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Ukifunga madirisha, draiva inarudi kwenye lile jedwali na kuchora kila kijumba upya. Draiva isiyo na jedwali haina cha kurudisha, unabaki na picha ya mwisho ya dirisha imeganda au skrini nyeusi. Skrini pepe nyingi kwenye kompyuta moja nazo zinategemea jedwali hilohilo, kila skrini ina lake na moja tu ndo lina ruhusa ya kugusa nukta.

Fonti nazo zimebidi zikue. Gallant ilionekana kubwa kwenye nukta 1152 kwa 900, ila weka herufi ya 8 kwa 16 kwenye paneli yenye nukta elfu tatu na kitu kwa upana, utahitaji kusogeza uso karibu na kioo. OpenBSD sasa wanatumia Spleen inayokuja kwa saizi kadhaa hadi 32 kwa 64, na draiva inachagua kulingana na upana wa skrini. Kumbuka kila herufi ikikua mara mbili kwa upana na urefu nukta zinakuwa mara nne, ila idadi ya vijumba nayo inapungua kwa kiasi hichohicho, kwahiyo kuchora skrini nzima gharama inabaki ileile.

Upande wa Linux, fbcon ilipitia jambo ambalo wengine walilia nalo. Ilikuwa na uwezo wa kurudisha mistari iliyokwisha kupita, ile ya kubonyeza Shift na PageUp, na mwaka 2020 kwenye toleo la 5.9 Linus Torvalds akauondoa msimbo huo kwa kuwa ulikuwa na makosa ya usalama na hakukuwa na mtu wa kuutunza. Naelewa kabisa uamuzi ule, msimbo usio na mwenyewe ndani ya kerneli ni hatari kwa wote, lakini ulipotoka ndo watu wengi wakagundua kwamba walikuwa wanautegemea kila siku mashine inapokataa kuwaka.

Na hapo tunafika kwenye saa ambayo draiva hii ipo kwa ajili yake. Kerneli imeanguka. Haiwezi kuomba memori, haiwezi kusubiri kufuli inayolinda data kwa sababu aliyeishika huenda ndo huyohuyo aliyekufa, ukatizaji umezimwa, prosesa nyingine zimesimamishwa. Kitu pekee kinachotakiwa ni maneno machache yafike kwenye kioo. Ukiangalia upya ule mkataba mfupi wa putchar na copyrows utaona kwa nini umeandikwa hivyo: fonti iko ndani ya kerneli tayari, jedwali limetengwa tangu mwanzo, kuchora ni kuandika namba kwenye anwani inayojulikana. Hakuna cha kuomba wala cha kusubiri. Fremubafa ya moja kwa moja ya enzi za Sun, pamoja na upole wake wote, ilikuwa na sifa hiyo, ukiandika nukta inaonekana.

Kadi za video za sasa zimeipoteza. Memori ya picha inaweza kuwa imepangwa kwa vigae badala ya mstari kwa mstari, inaweza kuwa haionekani kabisa kwa prosesa, na kuionyesha kunapitia foleni za amri na kufuli nyingi. Kwa miaka mingi Linux ikianguka ukiwa kwenye madirisha, picha ilikuwa inaganda tu na hujui kilichotokea, isipokuwa kama ulikuwa umechomeka waya wa siriali wa kupeleka maandishi kwenye mashine nyingine. Toleo la 6.10 la mwaka 2024 ndo lililoleta drm_panic, njia ambapo draiva ya kadi inayoiunga mkono inatoa anwani ya picha inayoonyeshwa sasa hivi, iliyo tayari kuandikwa bila kuomba ruhusa kwa mtu, ili siku kerneli ikianguka iwepo sehemu ya kuchora herufi za fonti iliyobebwa ndani yake, nukta kwa nukta.